Pensheni kutoka nje: jinsi mstaafu wa Mutanga Sud anavyoweza kulipwa kupitia benki

Katika mtaa wa Mutanga Sud mjini Bujumbura, jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, kama ilivyo katika mitaa mingine ya jiji hilo, wapo wazee ambao miaka yao ya kazi haikuishia Burundi. Yupo aliyefundisha shule Kigoma, aliyekuwa karani Bukavu, aliyehudumu hospitalini Brussels, na aliyefanya usafi wa hoteli huko Marekani baada ya kutoka kambi ya wakimbizi. Sasa wamerudi nyumbani na wanataka jambo moja: pensheni iingie benki kila mwezi bila kupanda basi wala ndege.

Jambo hilo linawezekana kwa sehemu kubwa. Fedha zenyewe huvuka mpaka kwa siku chache. Kinachosimamisha malipo mara nyingi ni karatasi: aina ya malipo isiyoruhusiwa kutoka nje, jina lisilolingana, au cheti cha kuwa hai ambacho hakikufika kwa wakati. Makala haya yanaeleza kila kimoja, kwa mpangilio ambao mstaafu anapaswa kuufuata kabla ya kuhama.

Pensheni ya michango na posho ya msaada

Swali la kwanza ni hili: je, fedha anazopokea mzee zimetokana na michango yake ya kazi, au ni msaada wa serikali kwa mzee asiye na kipato? Nchi nyingi hutenganisha mambo hayo mawili. Pensheni ya michango kwa kawaida humfuata mtu anakokwenda, kwa masharti. Posho ya msaada hubaki katika nchi inayoitoa.

Nchini Ubelgiji, posho ya uhakika wa kipato kwa wazee, ijulikanayo kwa Kifaransa kama GRAPA, hutolewa kwa anayeishi Ubelgiji, na siku za kuwa nje ya nchi kwa mwaka zina kikomo. Nchini Marekani ipo posho iitwayo SSI. Mtu anayekaa nje ya Marekani kwa siku 30 mfululizo au zaidi hupoteza malipo ya SSI, na akirudi lazima akae ndani ya nchi siku 30 mfululizo ndipo aweze kulipwa tena.

Kwa Warundi jambo hili lina uzito wa pekee. Kuanzia mwaka 2007 Marekani ilipokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokuwa wakiishi katika kambi za Tanzania. Waliofika wakiwa watu wazima sana walipata miaka michache tu ya kufanya kazi, na wengine hawakufanya kazi kabisa. Mzee wa namna hiyo anaweza kudhani kwamba fedha anazopokea ni pensheni, kumbe ni SSI. Akija Bujumbura kwa mazishi ya ndugu na kukaa wiki sita, malipo yanasimama. Asipotoa taarifa, fedha zilizoendelea kuingia zitahesabiwa kuwa deni, naye atatakiwa kulirudisha.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma barua ya malipo. Jina la malipo limeandikwa humo. Mzee asiyejua kusoma lugha hiyo amwombe mtu anayemwamini amsomee, kabla ya kukata tiketi.

Kongo, Rwanda na Burundi: mfuko mmoja uliogawanyika

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, wafanyakazi Waafrika wa Kongo na wa Ruanda-Urundi waliwekewa utaratibu wa pensheni mwaka 1956. Baada ya uhuru kila nchi ilianzisha mfuko wake. Burundi ina INSS. Rwanda ilikuwa na Caisse Sociale, ambayo baadaye iliunganishwa na mfuko wa bima ya afya na kuwa RSSB. Kongo ilikuwa na INSS yake, ambayo mwaka 2018 ilichukua jina la CNSS.

Watu walioanza kazi Bukavu na kumalizia Bujumbura walijikuta na michango katika mifuko miwili, na huenda hakuna hata mmoja ulioona kwamba miaka inatosha. Nchi hizo tatu zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, mwezi Septemba 1976 huko Gisenyi, na mwaka 1978 zikatia saini mkataba wa pamoja wa hifadhi ya jamii. Mikataba ya aina hiyo husimama juu ya misingi mitatu: raia wa nchi moja asibaguliwe katika nchi nyingine, miaka ya michango ijumlishwe, na pensheni ilipwe hata kama mstaafu amevuka mpaka.

Mstaafu wa Mutanga Sud mwenye michango ya Kongo au Rwanda anashauriwa aanzie INSS mjini Bujumbura. Aende na namba zake zote za uanachama, vyeti vya kazi vya kila mwajiri, na kitambulisho. Mfuko ndio unaoandikiana na mfuko mwenzake. Kazi hiyo huchukua muda, na aliyepoteza cheti cha mwajiri aliyefunga biashara huwa na kazi kubwa zaidi ya kuthibitisha miaka yake.

Miaka ya karibuni imeonyesha kwa nini malipo ya benki ni bora kuliko kufuata fedha taslimu. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024. Mwaka 2025, vita vya mashariki mwa Kongo vilipofika Goma na Bukavu, benki za miji hiyo zilifunga milango. Mzee aliyezoea kuvuka kila baada ya miezi mitatu kuchukua malipo dirishani alijikuta hana njia.

Tanzania na Kenya

Tanzania ina mifuko miwili mikubwa. PSSSF ni wa watumishi wa umma. Ulianza mwaka 2018 baada ya kuunganishwa kwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF. NSSF ni wa sekta binafsi. Aliyestaafu chini ya mmoja wa mifuko minne ya zamani sasa ni mstaafu wa PSSSF, na barua zenye jina la mfuko wa zamani bado ni ushahidi muhimu wa utumishi wake.

Pensheni ya kila mwezi huingizwa katika akaunti ya benki ya mstaafu. Kwa aliyehamia Bujumbura, utaratibu ulio rahisi ni kuiacha akaunti ya Tanzania iendelee kupokea fedha, kisha kuzihamisha au kuzitoa kwa kadi. Hapa wengi hukosea jambo moja. Benki kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo CRDB na KCB, zina kampuni tanzu nchini Burundi. Jina ni lile lile, nembo ni ile ile, lakini kampuni tanzu ni benki nyingine kisheria. Akaunti ya CRDB iliyofunguliwa Kigoma haigeuki kuwa akaunti ya CRDB Bujumbura. Kuhamisha fedha kati ya hizo mbili ni malipo ya nje ya nchi, yenye ada na ubadilishaji wa sarafu.

Nchini Kenya, pensheni za watumishi wa serikali wa utaratibu wa zamani hulipwa na idara ya pensheni iliyo chini ya Hazina. Utaratibu mpya wa kuchangia kwa watumishi wa umma ulianza Januari 2021. Mstaafu wa Kenya anayeishi Burundi naye aangalie kwamba akaunti yake ya Kenya haijalala. Benki hufunga kwa muda akaunti isiyotumika, na akaunti ikifungwa pensheni hurudi ilikotoka.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi aliyevuka mpaka haki ya hifadhi ya jamii kama ya wenyeji, na inaliachia Baraza la Mawaziri kutunga kanuni za mafao hayo. Mpaka kanuni hizo zianze kutumika, kila mfuko unalipa kwa sheria yake. Ndiyo maana miaka mitano ya Dar es Salaam na miaka kumi ya Nairobi haijijumlishi yenyewe.

Wazee wa Tanzania, Kenya na Uganda wanalifahamu jambo hili kwa uchungu. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege walibaki na haki za pensheni bila mwajiri. Makubaliano ya mwaka 1984 yaliyogawa mali za Jumuiya yaliiachia kila nchi kuwalipa raia wake. Madai ya mafao hayo yaliendelea kwa miaka mingi baadaye. Funzo lake ni kwamba mstaafu asitupe karatasi yoyote yenye namba ya uanachama, hata kama taasisi iliyoitoa haipo tena.

Ubelgiji na Uingereza

Ubelgiji ina historia ndefu na Burundi. Sheria ya Juni 16, 1960 iliweka mafao ya waajiriwa wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi chini ya dhamana ya serikali ya Ubelgiji. Ilihusu zaidi Wazungu. Wafanyakazi Waafrika walikuwa katika ule mfuko wa mwaka 1956. Kwa hiyo mtoto wa aliyekuwa karani wa Usumbura asitumaini sana kwamba Brussels inalo faili la baba yake. Mahali pa kuanzia ni INSS.

Aliyefanya kazi Ubelgiji kwenyewe hulipwa na idara ya shirikisho ya pensheni ya nchi hiyo. Kabla ya kuhama nje ya Ulaya anapaswa kuuliza mambo mawili kwa maandishi: je, uraia wake unaruhusu pensheni kulipwa Burundi, na akaunti gani itakubaliwa. Mwenye uraia wa Ubelgiji hana mashaka makubwa katika swali la kwanza. Asiye nao asihame kabla ya kupata jibu.

Uingereza hulipa pensheni yake ya serikali popote duniani, kila baada ya wiki 4 au wiki 13. Kwa anayeishi katika nchi isiyo na makubaliano husika na Uingereza, zikiwemo Burundi, Tanzania, Kenya na Uganda, kiwango hakipandi kila mwaka. Kiasi alichoanza nacho mstaafu ndicho atakachoendelea kulipwa miaka yote, huku bei za sokoni zikipanda. Hilo liingizwe katika hesabu kabla ya kuamua wapi pa kuzeekea.

Marekani

Pensheni ya Marekani inatokana na kodi iliyokatwa kwenye mshahara. Kwa kawaida mtu anahitaji pointi 40, na pointi haziwezi kuzidi 4 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, inahitaji kazi ya miaka 10.

Raia wa Marekani anayeishi Burundi huendelea kulipwa. Kwa asiye raia, hata akiwa na kadi ya kijani, kanuni ni kwamba malipo husimama baada ya miezi 6 kamili ya kalenda nje ya nchi, mpaka arudi na kukaa Marekani mwezi mzima. Hata hivyo yapo mapunguzo kwa raia wa nchi kadhaa. Burundi, Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake huendelea kulipwa ikiwa yule aliyechangia alifikisha pointi 40 au aliishi Marekani miaka 10.

Mjane au mgane asiye raia wa Marekani anaongezewa sharti. Kwa kawaida lazima awe ameishi Marekani angalau miaka 5, akiwa katika ndoa hiyo na mstaafu. Mke aliyebaki Bujumbura miaka yote wakati mumewe anafanya kazi Marekani anaweza kukosa malipo ya ujane kwa sababu hiyo. Ni vizuri familia ijue mapema kuliko kujua baada ya msiba.

Ipo pia kodi. Asiye raia na asiye mkazi wa Marekani hukatwa asilimia 30 ya sehemu ya asilimia 85 ya pensheni yake, yaani asilimia 25.5 ya malipo yote. Kwa mfano, mwenye pensheni ya dola 400 atakatwa dola 102 na kubaki na dola 298. Raia wa Marekani hakatwi kwa utaratibu huo.

Malipo kwa wanaoishi nje hutoka tarehe 3 ya kila mwezi. Serikali ya Marekani ina utaratibu wa kuingiza fedha moja kwa moja katika benki za nchi zilizomo kwenye orodha yake, na kila nchi ina fomu yake ya SSA-1199. Mstaafu auulize ubalozi wa Marekani kama nchi anayotaka kupokelea fedha imo. Ikiwa haimo, njia ya kawaida ni kubaki na akaunti ya benki ya Marekani yenye jina lake. Bima ya afya ya wazee ya Marekani, Medicare, kwa kawaida haigharamii matibabu ya nje ya nchi hiyo.

Akaunti na sarafu

Akaunti ya kupokelea pensheni ya nje inaweza kuwa ya aina tatu: akaunti katika nchi inayolipa, akaunti ya faranga za Burundi, au akaunti ya fedha za kigeni katika benki ya Bujumbura. Kila moja ina faida na gharama zake.

Akaunti ya nchi inayolipa ndiyo inayokubaliwa kwa urahisi zaidi na mfuko. Ubaya wake ni kwamba mstaafu hutegemea kadi, na kadi ikipotea au ikiisha muda anahitaji mtu wa kumtumia nyingine. Wengi humwachia mtoto au ndugu kadi na namba ya siri. Ni desturi ya kuaminiana, lakini ndugu wakikosana mzee hana karatasi ya kuonyesha kwamba fedha ni zake.

Akaunti ya Burundi huhitaji mfuko uwe na taarifa kamili: jina la mwenye akaunti, namba ya IBAN, na alama ya SWIFT ya benki. IBAN ya Burundi huanza na herufi BI na ina herufi na tarakimu 27 kwa jumla. Tarakimu moja ikikosewa, fedha hurudi, na wakati mwingine benki ya njiani hukata ada ya kwenda na ya kurudi. Taarifa hizo ziombwe benki kwa karatasi yenye muhuri. Zisinakiliwe kwa mkono kutoka kwenye kadi.

Suala la sarafu ndilo linalogusa zaidi tumbo la mstaafu. Mwezi Februari 2020 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilizinyang'anya leseni ofisi za kubadilishia fedha. Ziliruhusiwa tena mwishoni mwa mwaka 2022. Mwezi Mei 2023 thamani rasmi ya faranga ilishushwa kutoka faranga zipatazo 2,100 kwa dola hadi zaidi ya 2,800. Kwa kiwango cha awali dola 300 zilikuwa kama faranga 630,000. Baada ya hapo zikawa kama faranga 840,000. Bei ya mtaani imekuwa juu zaidi ya bei rasmi kwa miaka mingi, na mstaafu ambaye fedha zake zinageuzwa kuwa faranga mara tu zinapoingia hana nafasi ya kuchagua siku.

Kabla ya kutoa namba ya akaunti kwa mfuko, benki iulizwe maswali manne na majibu yaandikwe:

- Je, fedha zikiingia zitabaki katika sarafu ile ile au zitageuzwa zenyewe kuwa faranga?
- Je, mwenye akaunti anaruhusiwa kutoa fedha taslimu kwa sarafu ya kigeni, na kwa kiasi gani?
- Ada ya kupokea malipo ya nje ni kiasi gani, na ipi hukatwa na benki ya njiani?
- Kiwango cha ubadilishaji ni cha siku ipi?

Ada ina uzito kwa pensheni ndogo. Kwa mfano, ada ya dola 20 kwenye malipo ya dola 100 ni moja ya tano ya fedha yote. Ndiyo maana kwa mwenye pensheni ndogo ya Uingereza, kulipwa kila baada ya wiki 13 kunaweza kumfaa kuliko wiki 4.

Njia nyingine inayotumika sana mpakani ni kubadilishana: mzee anampa mfanyabiashara fedha zake za Kigoma, naye analipwa faranga Bujumbura na ndugu wa mfanyabiashara huyo. Ni njia ya haraka, lakini haina risiti, na kubadilisha fedha nje ya taasisi zenye leseni ni kuvunja sheria. Siku mfanyabiashara akipata hasara, au mpaka ukifungwa, mzee hana wa kumshitaki.

Jina na tarehe ya kuzaliwa

Benki inayopokea hulinganisha jina lililo kwenye malipo na jina la akaunti. Hapa ndipo wastaafu wengi wa ukanda huu wanapokwama.

Nchini Burundi kila mtoto anaweza kuwa na jina lake, lisilo la baba yake wala la ndugu zake. Tanzania na Kenya huandika jina la mtu, la baba na la babu au la ukoo. Marekani na Ulaya hutaka jina la kwanza na jina la familia. Mtu mmoja aliyepita katika nchi tatu anaweza kuwa na majina yale yale kwa mpangilio wa aina tatu, na herufi moja kuongezeka au kupungua, kama L kuwa R.

Tarehe nayo ina matatizo yake. Wakimbizi wengi wasiojua siku waliyozaliwa waliandikiwa Januari 1. Mzee mwenye Januari 1 katika karatasi za Marekani na tarehe nyingine katika kitambulisho cha Burundi ni watu wawili machoni pa kompyuta.

Dawa yake ni kuchagua hati moja, kwa kawaida pasipoti, na kuifanya iwe mama wa hati nyingine. Akaunti ifunguliwe kwa jina lililo kwenye pasipoti hiyo, kwa mpangilio huo huo. Tofauti zilizopo zipelekwe kwa notari au mamlaka husika ili kupata hati inayothibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na nakala ipelekwe kwenye mfuko kabla malipo hayajakwama.

Cheti cha kuwa hai

Kila mfuko unaolipa nje unataka kujua kwamba mstaafu bado yu hai. Ubelgiji hutuma cheti kinachojazwa na kuthibitishwa na mamlaka ya mahali au ubalozi. Uingereza nayo hutuma cheti chake. Marekani hutuma fomu ya SSA-7162 kila mwaka au kila miaka miwili. PSSSF ya Tanzania hufanya uhakiki, na siku hizi mstaafu anaweza kujihakiki kwa simu janja kupitia programu ya PSSSF Kiganjani inayotambua sura.

Fomu isiporudi kwa wakati, malipo husimamishwa. Hakuna adhabu nyingine, na haki haipotei, lakini kurudisha malipo kunaweza kuchukua miezi. Kwa mzee anayenunua dawa ya presha kila mwezi, miezi hiyo ni hatari.

Tatizo la Mutanga Sud, kama mitaa mingine ya Bujumbura, ni kwamba barua haiji mlangoni. Anwani inayofaa ni sanduku la posta, la mstaafu mwenyewe au la taasisi inayokubali kumpokelea. Anayetumia sanduku la ndugu amwombe ampigie simu siku ile ile barua inapofika. Fomu nyingi pia hupatikana kwenye tovuti za mifuko, na si lazima kusubiri posta.

Siku ya kuthibitisha, mstaafu huenda mwenyewe na kitambulisho. Hakuna mfuko halali unaomtaka mtu atume namba ya siri ya benki ili "ahakikiwe". Anayepiga simu na kuomba namba hiyo ni mwizi.

Mstaafu akifariki

Familia hutakiwa kutoa taarifa mara moja. Marekani haitoi malipo kwa mwezi ambao mstaafu amefariki. Aliyefariki Machi 28 hastahili malipo ya Machi, yanayoingia Aprili 3, na fedha hizo zitarudishwa hata kama zimetumika kununua jeneza. Mifuko mingine nayo hudai kilicholipwa zaidi.

Wakati huo huo mjane, mgane au watoto wanaweza kuwa na haki yao wenyewe. Haki hiyo haiji bila kuombwa. Ndoa isiyoandikishwa komini na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ni kesi ngumu kuithibitisha mbele ya mfuko ulio mbali.

Kwa muhtasari

Kabla ya kuhamia Bujumbura, mstaafu ahakikishe kwamba:

- amejua kama malipo yake ni pensheni ya michango au posho ya msaada;
- ameuarifu mfuko kwa maandishi kuhusu nchi anayohamia na amepata jibu;
- jina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana katika pasipoti, benki na faili la mfuko;
- amejua sarafu, ada na kiwango cha ubadilishaji vya akaunti yake;
- ana sanduku la posta na anajua mwezi wa kuthibitisha kuwa yu hai;
- ameacha malipo mawili au matatu yaingie salama katika akaunti mpya kabla ya kufunga ya zamani;
- mtu mmoja wa familia anajua namba ya faili na mahali karatasi zilipo.

Karatasi hizo ziwekwe pamoja katika bahasha moja ndani ya nyumba, na nakala kwa mtoto anayeishi mahali pengine. Siku malipo yatakapokwama, bahasha hiyo ndiyo itakayoonyesha ni nani anadaiwa na nani anadai.